Mpira Uliovutwa na Mjomba

Siku ya kuniaga kazini, baada ya keki kukatwa na hotuba tatu kusomwa na watu ambao hawakuwahi kukaa chumba kimoja nami, Shiro alinivuta kando. Shiro ni msichana wa Kayole, mwandika programu hodari, mwenye kichwa chepesi na maneno mepesi zaidi. Akaniambia, "Madam, kuna line kwa ile programu yako ya zamani haifanyi kitu. Iko tu hapo juu imekaa. Nimeosha kila kitu, imebaki hiyo. Niitoe?"

Nikamwuliza ni mstari gani, ingawa nilishaujua.

"Imeandikwa mpira umevutwa na Mjomba Musyoka. Mashine inairuka tu, haiisomi. Sasa huyo Mjomba ni nani? Ama mlikuwa mnacheza?"

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, yeye na wenzake wote wa chumba kile. Haya ndiyo majibu. Ni marefu kuliko swali, lakini sasa mimi ni mstaafu, na mstaafu ana ruhusa ya kurefusha. Vyeo nilivyopewa na vile nilivyonyimwa mtavikuta kwenye faili, kama panya hawajavifikia kwanza.

Niliingia kazini katikati ya miaka ya sabini kama mtoboaji kadi. Ninyi hamjawahi kuishika kadi, kwa hiyo nieleze. Ilikuwa kipande cha karatasi ngumu, urefu wa bahasha, na mstari mmoja wa programu ulikaa kwenye kadi moja kwa njia ya matundu. Programu ya mistari mia nane ilikuwa kadi mia nane ndani ya sanduku, na ilibidi zikae kwa mpangilio wake. Tulikuwa wanawake tisa katika chumba kimoja, kila mmoja na mashine yake, na mlio wetu ulikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Jioni nikirudi nyumbani mtaa wa Jericho masikio yangu yalikuwa bado yananyeshewa.

Siku yangu ya kwanza nililiangusha sanduku zima. Kadi zikatawanyika sakafuni mpaka chini ya makabati, nami nikasimama pale nikijua kwamba kazi niliyoipata asubuhi nimeipoteza kabla ya chai ya saa nne. Mwenye sanduku alikuja, mtu mrefu mwembamba aliyevaa sweta siku zote, hata Januari. Hakugomba. Alipiga magoti, akaanza kuokota.

"Binti, umezaliwa wapi?"

"Jericho, Bwana."

"Na reli umewahi kuiona?"

"Naisikia tu."

"Basi leo utaiona." Alizikusanya kadi, akazigonga mezani zikalingana, akanionyesha ubavu wa lile rundo. Alikuwa amechora mstari wa wino mwekundu kutoka pembe moja hadi nyingine, na sasa ulikuwa umevunjika vipande vipande kwa sababu kadi zilichanganyika. "Rudisha kila kadi mpaka mstari unyooke. Huo utakuambia nani amekaa kiti cha nani."

Huyo alikuwa Bwana Wafula. Alitoka magharibi, alikuwa karani wa reli kwa miaka mingi, aliishi Makongeni, na alijifunza kompyuta kwa kuwa alishazoea kuzuia treni mbili zisikutane kwenye njia moja. Mstari ule wa wino nimeuchora kwenye kila rundo nililowahi kulishika. Mpaka leo nikiona vitabu vimepangwa ovyo mkono wangu unatafuta kalamu nyekundu.

Alinitoa chumba cha kutoboa kwa kosa moja tu: nilimwuliza nilichokuwa nikitoboa. Watoboaji hawakuuliza. Kazi yetu ilikuwa kuona tarakimu na kuipiga, na aliyeanza kufikiri alipunguza mwendo. Lakini kwenye karatasi zake neno "laini" na neno "maji" yalirudi mara kwa mara, na nilitaka kujua kompyuta ina shida gani na maji.

Akaniambia niende nyumbani nikatazame pazia la mlango.

Wale mliozaliwa kwenye maghorofa ya juzi, nyumba zetu za Jericho zilikuwa na pazia kwenye mlango uliokuwa wazi tangu asubuhi, ili hewa ipite na majirani wasione mnachokula. Jumamosi ile nililala mkekani nikalitazama. Lilivimba taratibu kuelekea ndani, likasita, likarudi nje, likanyonywa na mlango, likavimba tena. Nje, kwenye kamba kati ya nyumba na nyumba, mashuka ya watu wa mtaa mzima yalikuwa yakifanya vivyo hivyo, kila moja kwa wakati wake, na chini yake kuku wakipita bila habari. Sikumbuki nilisinzia saa ngapi. Nakumbuka niliona shuka jeupe likijaa upepo, nikajiuliza kama upepo ndio ulioliumba tumbo lile au tumbo ndilo lililougeuza upepo, na jibu lilikuwa karibu kabisa kunijia mama aliponiita niteke maji.

Jumatatu nilimwambia Bwana Wafula nilichoona. Akacheka kwa furaha ya kweli.

"Sasa umeelewa shida yote. Kitu kigumu ni rahisi, maji yanakizunguka na kwenda zake. Lakini kitu laini, maji yanakisukuma, nacho kinayasukuma maji. Nani ameanza?"

"Hakuna aliyeanza."

"Ndiyo. Na kompyuta haijui kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwa hiyo tunaidanganya kidogo kidogo."

Alikuwa na nakala ya makala ya wataalamu wa ng'ambo, aliyoinakili kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu, inayoeleza jinsi ya kuhesabu vali ya moyo inavyofunguka ndani ya damu. Nitawaeleza kama alivyonieleza. Unagawa maji kuwa miraba, kama daftari la hesabu. Miraba haisogei. Kile kitu laini unakifanya nukta chache, kumi na tatu kwa upande wetu, zilizofungwa pamoja kwa springi za kufikirika, na nukta hizi zinaelea juu ya miraba zikitembea zitakavyo. Unauliza springi zimevutwa kiasi gani. Nguvu ile unaigawia miraba iliyo karibu, maji yanasogea, nukta zinabebwa na maji, springi zinavutwa upya, unauliza tena. Hatua ndogo, kisha hatua ndogo. Ninyi mnafanya hivyo kwa nukta milioni na picha za rangi, lakini mambo ni yale yale.

Kompyuta siku za wiki ilikuwa na kazi za wakubwa. Sisi tulipewa Jumamosi, asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kwa miezi mingi tulichopata ni nyota. Mashine ile ilikuwa na tabia hii: tarakimu ikizidi nafasi iliyotengewa, printa haikuiandika, iliandika nyota. Hesabu zetu zilikwenda vizuri hatua kumi, ishirini, halafu nukta moja ikaruka, ya pili ikaikimbilia, na ukurasa mzima ukajaa nyota kutoka juu hadi chini. Bwana Wafula aliunyanyua juu akisema, "Binti Mwende, tumepata mbingu tena."

Karatasi za nyota tulimpa mwuza njugu wa kituo cha basi. Mara kadhaa nilinunua njugu zangu zimefungwa kwa makosa yangu mwenyewe.

Nyota zilikoma tulipokubali kupunguza urefu wa hatua. Kitu laini kadiri kinavyokuwa kigumu, ndivyo kinavyotaka hatua fupi. Ukirefusha, springi inavuta kupita mahali ilipotakiwa kusimama, halafu inarudi kwa nguvu zaidi, mwishowe vurugu. Haraka haraka haina baraka, tuliimbiwa tangu nasari, lakini mimi nilihitaji kuiona ikichapwa kwenye karatasi pana ndipo nikaamini.

Hapo ndipo Injinia alipokuja na pampu yake.

Sitamtaja jina. Alikuwa kijana mwenye haraka aliyeshughulika na visima vya mikono vya sehemu kame. Chini kabisa ya bomba la pampu kuna tundu, na juu ya tundu kuna ulimi wa mpira. Ukivuta mkono, maji yanauinua ulimi na kuingia. Ukiachilia, maji yale yale yanaulaza, nao unaziba, maji yasirudi kisimani. Ndimi hizo zilitoka ng'ambo, zikichakaa pampu ilikufa, na kungoja nyingine ilikuwa miezi. Injinia alitaka zikatwe hapa hapa, kwa mpira wa tyubu za magari. Lakini mpira mnene hauinuki vya kutosha, na mwembamba unajikunja unanyonywa tunduni. Kamati yake ilitaka kujua upi, tena iliutaka ushahidi kabla ya kukubali. Wazee wengine kwenye kamati walishaamua moyoni kwamba kitu cha ng'ambo ndicho kitu.

Aliposoma orodha ya pampu zilizokufa, nilisikia jina la kwetu.

Kwetu ni Ukambani, ng'ambo ya Machakos. Susu, bibi yangu mzaa mama, alikuwa bado anaishi kule. Pampu ile ilipowekwa alichinja mbuzi. Ilipokufa alirudia mto wa mchanga, kwenda na punda kabla jua halijawaka, kuchimba shimo kwa kibuyu, kusubiri maji yajikusanye, na kurudi jua likiwa utosini. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Katika barua aliyoandikiwa na katekista alisema maneno mawili tu kuhusu jambo hilo: "Pampu bubu." Nilikuwa nimeisoma barua ile nikaiweka. Siku hiyo nilisikia aibu, kwamba nilikuwa nimekaa na mashine ya kuhesabu maji huku Susu akichimba mchanga.

"Tutaifanya," nikasema, kabla Bwana Wafula hajafungua mdomo. Akanitazama juu ya miwani, kisha akamwambia Injinia, "Umesikia. Weka na jina langu."

Tulihitaji kitu kimoja ambacho hakikuwa ndani ya makala yoyote: mpira wa hapa unavutika kiasi gani. Hilo lilikuwa rahisi, kwa sababu mjomba wangu, Mjomba Musyoka, ndugu wa mama, alikuwa fundi wa viatu vya tairi sokoni Kariokor. Hata mipira ya kufungia marundo ya kadi alitukatia yeye. Nilipitia kwake, nikamwomba ukanda wa tyubu ya baiskeli, wa gari dogo, na wa lori. Akasema nirudi baada ya siku kadhaa. Nikarudi, akanipa vipande vitatu vilivyokatwa vizuri kwa kisu chake, vimepanguswa vumbi.

"Vya nini?"

"Vya kompyuta, Mjomba. Inataka kuujua mpira wako."

"Na jina langu je, litaingia humo?"

"Mashine haichukui majina. Inachukua tarakimu."

"Basi haina heshima," akasema, akaendelea kugonga misumari.

Vipimo nilivifanya nyumbani. Nilitundika kila ukanda kwenye msumari wa fremu ya mlango, kando ya lile pazia, nikaning'iniza pakiti za unga wa ugali, moja, mbili, tatu, huku nikipima kwa rula. Mama alisimama mikono kiunoni. "Unga wa watoto unauning'iniza kama mwizi?" Nikamweleza ni kwa ajili ya Susu. Akaenda akaleta na sukari.

Jumamosi mbili baadaye printa ilitoa kurasa mia moja na zaidi. Hatukuwa na skrini ya picha. Nilikuwa nimeiagiza mashine ichape nukta ya mpira kama herufi O na maji kama vistari, ukurasa mmoja kila baada ya hatua kadhaa. Bwana Wafula alizipanga kurasa kwa mpangilio wake, akazikunja pembeni, akaziachia moja moja chini ya kidole gumba, haraka. Na ulimi ukainuka. Uliinuka pole, ukasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema, halafu ukajilaza juu ya tundu, na vistari vyote nyuma yake vikatulia. Ulikuwa wa tyubu ya lori. Tuliutazama tena na tena mpaka saa tisa ikapita na mlinzi akaja kufunga. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile kazini, na nimeona hizo rangi zenu.

Injinia alikata ulimi wa lori, akaufunga kwenye pampu ya majaribio uani kwenye karakana yao. Alituita siku ya Ijumaa. Alijaza bomba, akachora alama ya chaki pale maji yalipofika, tukasimama. Maji yakaanza kushuka mbele ya macho yetu. Akaufungua ulimi, akauweka upya, akajaza tena. Yakashuka tena. Tulipochungulia tukaona ulimi umekataa kulala. Kona moja ilibaki imeinuka, ngumu, na maji yalipita hapo.

"Kompyuta yenu inaota," Injinia akasema. Hakusema kwa ubaya, na hilo liliniuma zaidi. "Kamati inakaa Jumatano. Nitawaambia tuagize za ng'ambo."

Bwana Wafula alivaa kofia yake. Njiani hakunilaumu. Alisema tu kwamba kwenye reli, treni ikichelewa, hulaumu treni. Unarudi nyuma stesheni kwa stesheni kutafuta ilipochelewa. Nilirudi nyuma stesheni kwa stesheni siku mbili nzima. Nilizipitia kadi zote mia nane, nikizishika moja moja kuelekea dirishani kusoma matundu. Nilirudia pakiti za unga na vipande vile vile vitatu, na urefu ukatoka ule ule. Hakukuwa na kosa. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote katika kazi yetu, vijana: kila kitu ni sahihi na jibu ni la uongo. Nilimwona Susu kila nilipofumba macho, na nikawaza jinsi nitakavyomwandikia katekista barua.

Jumatatu mchana nilikwenda Kariokor, si kwa utafiti. Ukanda wa kiatu changu ulikuwa umekatika, na nilitaka kukaa karibu na mtu asiyejua habari za kompyuta. Mjomba alikuwa na mteja, akaniambia nipite nyuma ya gunia, nikae kwenye ndoo. Sikuwahi kukaa nyuma ya gunia. Wateja hukaa mbele. Kule nyuma, kutoka kwenye boriti, kulikuwa kumening'inia kanda za mpira kama ishirini, na kila mmoja ulifungwa mwishoni na kipande kizito cha chuma. Upepo wa sokoni ulipita, zikawa zinazunguka taratibu, upande huu na upande ule.

Mjomba alipokuja nikamwuliza, "Hizi zinafanya nini huku juu?"

"Zinajifunza."

"Zinajifunza nini?"

"Kuvaliwa. Mpira mbichi ni mkaidi, Mwende. Ukiushona leo, mtu anaondoka hapa umembana, kesho kutwa umelegea anaburuta mguu kama bata. Lazima uuvute kwanza, uuvute mpaka uchoke. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini huyo ni samaki."

"Na vile vipande ulivyonipa mimi?"

"Vilikaa hapo juu siku nne. Si nilikuambia urudi?"

"Uliviweka? Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Nikuambie nini? Wewe ni mtoto wa dada yangu. Ningekupa mpira mbichi? Wewe ni mteja?"

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, mteja akachungulia kuona kuna msiba gani. Bwana Wafula na mimi tulikuwa tumepima adabu ya Mjomba, tukaandika kwamba ni tabia ya mpira. Mpira ambao haujavutwa ni mgumu zaidi. Ukivutwa sana mara ya kwanza unalainika, na baada ya hapo unabaki hivyo kwa muda mrefu. Leo hilo mnalisoma vitabuni. Sisi tulilikuta nyuma ya gunia. Na Injinia, nilipomwuliza, alisema tyubu yake aliinunua sokoni asubuhi ile ile, akaikata na kuifunga.

Jumanne Mjomba alifunga kibanda, jambo ambalo hata kwa mazishi alilifanya shingo upande, akaja karakana na aproni yake na kisu. Alikuwa na kipande cha tyubu ya lori kilichoning'inia tangu wiki iliyopita. Akaukata ulimi kwa jicho tu, akaubonyeza kati ya vidole, akaufunga mwenyewe. Injinia alijaza bomba na kuchora chaki.

Tukasimama. Bwana Wafula alikuwa amevua kofia. Maji yalikaa kwenye alama. Yalikaa Mjomba akamaliza kufuta kisu, yakakaa mpaka kivuli cha bomba kikasogea kwenye mguu wangu. Mwishowe Mjomba akauliza, "Sasa tunangoja nini?"

"Tunangoja yashuke," Injinia akasema.

"Yashuke yaende wapi?"

Mchana ule Bwana Wafula alitununulia nyama choma soko la Burma. Alimpa Mjomba ubavu wa kwanza kwa mikono miwili, kama anavyopewa baba mkwe, na Mjomba akaupokea bila kushangaa, kwa sababu aliona ni haki yake. Kesho yake kamati ilikubali. Ripoti waliyoandika ilisema ndimi zitengenezwe kwa "mpira uliotayarishwa kienyeji". Niliisoma mara mbili kumtafuta aliyeutayarisha. Hakuwemo.

Ukambani tulikwenda na Mjomba wakati zamu ya pampu ya kwetu ilipofika. Fundi wa visima aliufunga, Susu akausogelea mkono wa pampu, akavuta, na maji yakatoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Lakini Susu hakupiga. Hata ile ya zamani, alisema, ilitoa maji mbele ya wageni. Akaiacha. Akaenda akamfunga punda, akawasha moto, akatupikia chai, tukainywa chini ya ukuta wa jiko wote tukijifanya tunazungumza habari nyingine. Alipomaliza kikombe chake alirudi kisimani peke yake. Akavuta mara moja tu, na maji yakaja kwa mvuto ule ule wa kwanza, kwa sababu yalikuwa hayajaenda popote. Akayakinga kwa kiganja. Akamwita Mjomba, mwanawe, kwa jina la utotoni, jina ambalo sikuwahi kulisikia, na Mjomba, mtu mzima mwenye mvi, akaitika kama mtoto.

Niliporudi kazini nilitoboa kadi moja ya ziada. Lugha ile ya zamani ilikuwa na sheria hii: kadi ikianza na herufi C, mashine huichapa kwenye orodha ya programu lakini haiitekelezi. Ni maneno ya mtu kwa mtu. Mashine inapita tu. Niliiweka kadi ile mbele ya zile zilizobeba tarakimu za mpira, Bwana Wafula akauchora upya mstari wake mwekundu ubavuni mwa rundo ili nayo iwe na kiti chake, nasi tukaiendesha programu.

Ukurasa wa kwanza niliupeleka Kariokor. Mjomba alisoma polepole, akifuatisha kwa kidole chenye gundi, akapita mistari ambayo haikuwa na maana kwake, mpaka akafika kwenye jina lake. Akalisoma mara ya pili. Kisha akasogeza kidole chini.

"Na baada ya hapa inasema nini?"

"Hakuna, Mjomba. Inaendelea na kazi."

"Imenitaja, halafu ikaendelea na kazi."

"Ndiyo."

"Basi sasa ina heshima," akasema, akaupigilia ukurasa kwenye boriti, katikati ya kanda zake, ukabaki hapo mpaka siku tuliyomzika.

Kwa hiyo, Shiro, uko sawa kabisa. Mstari ule haufanyi kitu. Uache.